Stadia ipi, Mhariri?

Mhariri,

Makala yenu ya sayansi ya wiki iliyopita ilisema kwamba Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki, miaka kama 2,200 iliyopita, alipima mzunguko wa dunia akapata kilomita 39,375. Hakupata kilomita hata moja. Kwa kupima kivuli mjini Alexandria, Misri, alipata stadia 250,000, stadia ikiwa kipimo cha urefu cha Wagiriki. Kilomita mmezipata ninyi.

Nimefundisha jiografia miaka 31, na kosa hili nimelifanya ubaoni mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Nilikuwa naandika 157.5, yaani mita za stadia moja, nazidisha kwa 250,000, jibu linakuja karibu kabisa na kilomita 40,008 zinazopimwa leo kupitia ncha za dunia, darasa linapiga makofi. Siku moja msichana wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, hiyo 157.5 imetoka wapi?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho hiyo ilichukua muhula mzima.

Imetoka mbali. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa kale, aliandika kwamba kwa hesabu ya Eratosthenes kipimo cha Misri ambacho Wagiriki walikiita skoinos, yaani kamba, kilikuwa na stadia 40. Wataalamu wa zama zetu wakachukulia kwamba kamba moja ni dhiraa 12,000, na kila dhiraa sentimita 52.5. Wakapata mita 6,300, wakagawa kwa 40. Chomoa dhana moja hapo katikati, hesabu nzima inalala chini. Na kamba yenyewe Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anaipa stadia 60, ilhali Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyepanda mto Nile mwenyewe, anasema urefu wake ulibadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Stadia nayo ilikuwa futi 600, ila kila mji na futi yake. Uwanja wa mbio wa Olympia, kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia, ni mita 192 na ushei; wa Delphi haufiki 178. Warumi walihesabu stadia 8 kwenye maili yao ya hatua 1,000 (hatua ya Mrumi ni mguu uleule kukanyaga mara ya pili, ndiyo maana ni ndefu). Maili hiyo ni kama mita 1,480, basi stadia ni 185. Zidisheni kwa hiyo muone: kilomita 46,250. Bwana yuleyule, kivuli kilekile cha Alexandria, na dunia imenenepa kwa kilomita zaidi ya 6,000. Columbus alipotea kinyume chake: alichukua maili za al-Farghani, mtaalamu wa nyota, zilizokuwa za Kiarabu, akazihesabu kama za Kirumi zilizo fupi, dunia ikasinyaa.

Mtu asidhani dhiraa ina nafuu. Juzi nilichukua tepu ya kushonea nikajipima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: sentimita 47. Mjukuu wangu wa miaka 12 akatoa 41, akataka turudie kwa kuwa eti nilimkunja mkono. Piramidi Kuu ya Giza ni dhiraa 440 kila upande. Kwa mkono wangu ni mita 207, kwa wa mjukuu 180. Yenyewe ina 230, kwa sababu dhiraa ya kifalme ya Misri ilikuwa na upana wa viganja 7 badala ya 6.

Eratosthenes alizidisha 5,000 kwa 50: stadia 5,000 kutoka Syene (Aswan ya leo) hadi Alexandria, na kivuli kilimwonyesha kwamba umbali huo ni sehemu moja ya 50 ya mzunguko wa dunia. Mtu anayekadiria umbali wa Syene hadi Alexandria kwa maelfu hawezi kuwapa kilomita 375 za mkiani. Mkigusa tena habari hii, chapeni kwanza stadia alizozipata mwenyewe, kisha mtaje mmetumia stadia ya mita ngapi. Hizo 375 zifuteni.

Mwalimu mstaafu wa jiografia