Kidole gumba kinanitesa tangu niumie zamani: nikubali kuunganishwa mifupa?

Daktari, asalaam aleikum. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, mwanamume wa miaka 46, na kinachonisumbua ni kidole gumba cha mguu wa kulia. Najua wapo wanaokuandikia habari za figo na moyo, kwa hiyo naomba univumilie.

Mwaka 2011 tulikuwa tunashusha cherehani kutoka kwenye gari, ile miguu yake ya chuma ikaniangukia. Kucha iling'oka, kidole kikavimba kikawa cheusi kama zambarau. Zahanati walinisafisha, wakakifunga pamoja na kidole jirani, wakanipa dawa ya maumivu. Picha haikupigwa, mashine hawakuwa nayo. Kikapona, nikasahau.

Miaka ikapita, maumivu yakaanza kurudi kidogokidogo. Sasa kidole hakikunjiki. Juu ya kiungo, pale kidole kinaposhikana na wayo, pameota kinundu kigumu, kiatu kikipagusa tu naruka. Nikitembea naegemea upande wa nje wa mguu, na goti nalo limeanza kulalamika.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Asiyeijua kazi hii hudhani unasukuma kwa wayo mzima, kumbe ni kisigino, vidole, kisigino, vidole, kutwa. Kitambaa chepesi nastahimili. Nikishika jinzi au turubai, kila mshono nausikia kidoleni. Nimejaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, lakini mwendo haushiki, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Wenzangu wananiambia nifunge mota. Sawa, ila umeme ukikatika mteja hangojei.

Kwenye sala, tahiyatu ndiyo ilikuwa kazi, maana mguu wa kulia unausimamisha na vidole unavikunja kuelekea kibla. Imamu wetu alinitoa wasiwasi, akasema mwenye udhuru akae anavyoweza, basi naulaza. Tabu iliyobaki ni kuinuka kutoka sijida.

Ushauri nimepewa wa kutosha. Jirani aliapa kuwa ni gauti, niache nyama na maharage. Nikapima asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti ikizidi mwilini, kiwango cha kawaida. Nikarudia baadaye, vilevile. Sukari pia haipo. (Nyama yenyewe naila Idi na harusini.) Shangazi anasema nimekanyaga jambo la watu. Nimeumikwa, nimekandwa kwa maji ya moto na chumvi, na hayo maji sitayasema vibaya, yananilaza usiku mmoja. Diklofenaki inatuliza, lakini tumbo langu haliipokei, linawaka moto.

Mwaka jana nikaenda hospitali, nikapigwa eksirei. Daktari aliiweka picha kwenye mwanga akanionyesha: kwenye viungo vingine kati ya mfupa na mfupa kuna kamstari keusi, kwenye gumba langu hako kamstari karibu hakapo. Gegedu, ile tabaka nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika, akasema, na chanzo ni lile jeraha la zamani. Kile kinundu ni mfupa ulioota.

Alinieleza njia zilizopo. Kwanza viatu vyenye soli ngumu isiyopinda, na hili nimelihakikisha mwenyewe: katambuga za tairi zinanipa nafuu kuliko raba laini au kandambili, ingawa wateja wananicheka. Pili sindano ndani ya kiungo. Tatu kukwangua mfupa ulioota. Na mwisho kabisa kuunganisha mifupa kwa skrubu, maumivu yaishe lakini kiungo kisikunje tena maisha yangu yote.

Hapo ndipo nimekwama. Mke wangu anasema nipasuliwe yaishe. Kaka yangu hataki kusikia kisu, anasema mguu ukishaguswa haurudi kama ulivyokuwa. Mimi najiuliza: kama kidole hakikunji hata sasa, ninachopoteza ni nini hasa? Je, kidole kilichounganishwa kinaweza kukanyaga cherehani kutwa, au mzigo utahamia kiungo kinachofuata nacho kiharibike? Kukwangua peke yake kunasaidia kitu kwa mtu ambaye gegedu limefikia hali hiyo? Na ile sindano, nikichomwa, inanipa nafuu ya kudumu au ni kuahirisha tu?

Nyingine ya kuuliza, naona haya kidogo lakini ndiyo inayoninyima usingizi kuliko zote: baada ya upasuaji nitakaa muda gani bila kuukanyagia mguu huo? Nina watoto shuleni na sina wa kunishikia kiti. Nikijibiwa mapema nitashukuru, maana kuanzia Desemba mpaka shule zifunguliwe Januari ndio msimu wa sare, na mwaka mzima wetu unategemea miezi hiyo. Kama ni kupasuliwa, itabidi iwe kabla au baada.

Fundi wa Ngamiani,
Tanga