Kodi ya bedsita si ukuaji wa uchumi

Mhariri,

Msomaji wenu wa Kakamega aliyeandika juma lililopita, akitaka kila eneobunge lijengewe bewa la chuo kikuu ili uchumi uamke, amenigusa panapowasha. Mimi ni mmoja wa wanaokula kwa chuo. Nina bedsita nane, vyumba vya kupangisha wanafunzi, pale Njokerio, karibu na lango la Chuo Kikuu cha Egerton, na duka la pembejeo Njoro mjini. Nikimpinga asidhani ni wivu.

Anachokiona yeye ni kile kinachoonekana na kila mpita njia. Vyuo vikifunguliwa vyumba hujaa, chipsi hukaangwa hadi usiku, boda boda hawalali njaa na mama mboga humaliza sukuma wiki yote. Lakini Machi 2020, korona ilipofunga vyuo, vyumba vyangu vyote vinane vilibaki na magodoro yaliyokunjwa na sufuria zimefunikwa magazeti. Njokerio nzima ikanyamaza. Hunyamaza hivyo hivyo wahadhiri wakigoma. Pesa zile zilikuwa za mzazi wa Bungoma au Kitui, zikahamia kwangu. Hakuna gunia hata moja la mahindi lililoongezeka nchini kwa sababu mimi nimelipwa kodi.

Wanaosema vyuo vilitajirisha mataifa hawajakosea, ila wanasimulia mwisho na kuruka njia. Mapinduzi ya viwanda yalipoanza, England nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu, Oxford na Cambridge, na kazi yao kubwa ilikuwa kuandaa makasisi na kulea watoto wa wenye nacho. Tazama badala yake Glasgow, kule Scotland. James Watt alikuwa fundi wa vifaa, hana shahada. Chama cha mafundi wa mji kilimwekea kizuizi asifungue karakana, chuo kikuu kikampa chumba ndani ya ua wake. Mwaka 1763 alipewa mfano mdogo wa injini ya mvuke ya zamani, ya Newcomen, uliotumiwa darasani, autengeneze. Alipoona unavyokula mvuke bure, akaanza kuumiza kichwa, huku akizungumza na Joseph Black, mhadhiri wa kemia aliyekuwa akichunguza tabia za joto. Mwaka 1765 akapata wazo la kupozea mvuke katika chombo cha kando, na hapo ndipo injini ya mvuke ilipoanza kuwa na faida ya kweli. Leo fundi wa jua kali wa Nakuru akifika kwenye lango la chuo ataacha kitambulisho kwa askari, kisha ataulizwa anakwenda kumwona nani.

Marekani ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwaka 1862 Rais Lincoln alitia saini sheria iliyoyapa majimbo ekari 30,000 za ardhi kwa kila mbunge na seneta waliokuwa naye, ziuzwe zigharimie vyuo vya kilimo na ufundi. (Nyingi ya ardhi hiyo ilikuwa imenyang'anywa wenyeji. Sisi wa Bonde la Ufa hatuhitaji kuelezwa. Lord Egerton wa Tatton alipoanzisha shule yake ya kilimo hapa Njoro mwaka 1939, ilikuwa ya vijana wa Kizungu.) Vyuo vikasimama, lakini kwa miaka mingi mkulima hakuona vilikuwa na faida gani kwake. Ikabidi sheria ya 1887 ilete vituo vya utafiti, na ya 1914 ilete maafisa wa ugani wa kuupeleka utafiti huo shambani. Ni miaka 52 kutoka jengo hadi mlango wa mkulima. Viongozi wetu wanaipenda sana 1862, sababu kuna utepe wa kukata. Ya 1914 hainunui kura.

Na hatukuwa watupu. Kabla Egerton haijawa chuo kikuu kamili mwaka 1987, ilitoa wenye stashahada wengi waliokwenda kuwa maafisa wa kilimo, wale waliojulikana kijijini kwa mlio wa pikipiki. Miaka ya tisini serikali ikabanwa na wafadhili ipunguze waajiriwa, kisha 2013 kilimo kikahamishiwa kaunti. Siku hizi afisa wa ugani ni mimi mwenye duka, na mimi nashiba ukinunua, si ukivuna.

Utafiti upo. Egerton imetoa maharagwe ya Chelalang, Ciankui na Tatton. Chuo Kikuu cha Eldoret kimetoa ngano ya Eldo Ngano 1, inayostahimili Ug99, aina kali ya ugonjwa wa kutu ya shina. Hata hivyo wateja wangu wengi huulizia maharagwe ya rosecoco yale yale, au hupanda iliyobaki kwenye debe la msimu uliopita.

Miaka mitatu iliyopita mwanafunzi wa chuo kimoja cha umma alifanya mafunzo ya nyanjani dukani kwangu. Siku moja mzee wa kule Molo alikuja kuchukua mifuko minne ya mbolea ya DAP, kwa kuwa mahindi yake yalikuwa yakigeuka zambarau majani na kudumaa. Kijana akamwomba asubiri. Kesho yake alikwenda kwa gambuti zake, akachimba udongo sehemu kumi za shamba, akauleta kwenye karatasi ya kaki. Aliukoroga na maji safi kwenye kikombe, akangoja nusu saa, akachovya kifaa cha kupima asidi (pH), cha ukubwa wa kalamu: 4.8, na chini ya 7 ni asidi. Udongo ulikuwa umechachuka, na DAP ya kila msimu ilikuwa ikiuzidishia asidi. Nikapoteza mauzo ya mifuko minne. Mzee akatafuta chokaa ya Koru ya kupunguza asidi, na msimu uliofuata ekari yake ilitoka magunia 9 hadi 15.

Hayo magunia 6 ndiyo uchumi ninaouzungumzia. Kabla ya kuomba bewa jipya, kaunti zetu zinunue vifaa vile na kuwalipa wanafunzi nauli na chakula wazunguke mashambani msimu wa kupanda, mwaka hadi mwaka, hata kama vyumba vyangu vitakaa vitupu muhula mzima.

Kijana yule aliondoka Agosti na kifaa chake, maana kilikuwa cha maabara ya idara. Nilikwenda chuoni kwao kuomba kupimiwa udongo wa wateja wengine. Nikatumwa ofisi tatu na kurudi na fomu. Mzee wa Molo bado hupita dukani siku za soko. Hanunui kitu. Huuliza tu yule mtoto wa udongo atarudi lini.

Mwenye duka la pembejeo,
Njoro, Kaunti ya Nakuru