Mwanangu, anza na Alhamdu

Mwanangu,

Assalaamu alaikum. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekopa: "Mama, hivi mtu mzima anaanzaje kusali?" Nikakujibu mbiombio, haya zimenishika. Mtoto huamrishwa sala akifika miaka 7, na wewe ulipoifika mimi nilikuwa nahangaika na mambo yangu. Hilo ni langu, usilibebe.

Sasa usijitwike vitabu. Shika udhu, kisha Alhamdu, ile sura ya kwanza ya Qur'ani. Ni aya 7 tu, lakini husomwa katika kila rakaa, na rakaa za faradhi kwa siku ni 17: Alfajiri 2, Adhuhuri 4, Alasiri 4, Magharibi 3, Isha 4. Chukua aya moja kwa siku. Ukikwama, usione aibu (ile "dhaalliin" ya mwisho hata mimi ilinitesa). Mtume (s.a.w.) amesema anayeisoma Qur'ani kwa kugugumia, nayo ikawa nzito kwake, ana malipo mawili.

Ninachokuhofia zaidi ni haraka. Kuna mtu alisali msikitini, Mtume akamwambia, "Rudi ukasali, kwani hujasali." Akarudishwa hivyo mara 3, mpaka akaomba afundishwe. Akaambiwa: rukuu mpaka utulie, inuka mpaka usimame sawasawa, sujudu mpaka utulie. Basi ukirukuu, viganja vishike magoti, mgongo unyooke, ndipo useme Subhana Rabbiyal Adhim, taratibu, mara 3. Ukisujudu, paji la uso na pua, viganja, magoti na vidole vya miguu vyote viguse chini. Hivyo vidole ndivyo vinavyosahaulika. Vyangu vilikuwa vikining'inia hewani. Bibi yako alisubiri nitoe salamu, akanifinya unyayo, akacheka.

Siku utapotewa na hesabu, hujui ni rakaa ya 3 au ya 4. Usiikate sala. Shika 3, ongeza moja, na kabla ya kutoa salamu sujudu mara 2, sijida ya kusahau. Sisi tuliosali miaka yote hii bado tunaihitaji.

Ijumaa nikikupigia, nisomee Alhamdu, hata ukiifikisha nusu. Nami nitakusomea Tahiyatu, yale maneno ya kusoma ukiwa umekaa, polepole, uirekodi.

Mama yako