Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya afya mkoani: nakiulizia kichupa changu

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kutoka Ngamiani, Tanga, baada ya kurudishwa kwa mara ya nne Jumatatu iliyopita, pale karani wa dirishani aliponiambia, bila hata kuinua macho, kwamba kichupa chenye kipande cha nyama ya shavu langu hakionekani katika daftari la vilivyopelekwa maabara, basi nije tena mwezi ujao.

Mimi ni fundi cherehani mwenye miaka 54. Nimetafuna tambuu tangu ujana, jani lililokunjwa lenye kokwa ya popoo na chokaa na tumbaku, kikunjo kikikaa shavuni huku nashona. Kosa langu silikatai, na nimeacha. Mwaka jana ulimi ulianza kugusa kitu ndani ya shavu la kushoto, kinakwaruza kama upande wa nyuma wa tarizi. Kwenye kioo ni baka jeupe, kubwa kama kifungo cha shati, na siku hizi pembeni pameanza wekundu.

Nilipewa dawa ya fangasi mara mbili, ingawa utando wa fangasi hufutika kwa kitambaa na huu haufutiki. Ndipo daktari wa meno, kijana mwenye adabu ambaye simlaumu hata kidogo, akaandika lukoplakia, yaani baka jeupe la mdomoni lisilofutika. Alinieleza kwamba mabaka mengi ya namna hii hayageuki saratani, lakini jicho peke yake haliwezi kujua lipi litageuka, mpaka nyama ipimwe kwa hadubini: seli zikiwa zimebadilika kidogo, mtu huacha tumbaku na kuangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, zikiwa zimebadilika sana, baka hukatwa lote, na bado hufuatiliwa kwa sababu huweza kurudi. Akakata kipande, akakitia kwenye dawa, akaandika jina langu juu ya plasta kwa kalamu ya buluu. Sasa ni miezi mitano.

Labda hapakuwa na nauli ya kukifikisha Dar es Salaam. Labda kilisahauliwa kwenye kabati kikakauka. Mtaani yananong'onwa mengine, nayo siyaandiki. Lakini Mheshimiwa, ulisimama mbele yetu uwanjani, na kipaza sauti siku hiyo kilifanya kazi vizuri sana, ukaahidi kwamba majibu ya vipimo hayatazidi wiki 3. Nilikuwepo, nikapiga makofi. Wiki hizo zinahesabiwa kwa kalenda ipi?

(Na kwa kuwa nimeshaanza kusema: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza katika chapisho lake la 2004 kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Bango la pale kliniki linakataza sigara tu, na popoo zinauzwa hatua chache kutoka getini.)

Nimeshauriwa niende Dar mwenyewe. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na kati ya cherehani zangu mbili moja nimeshaiuza kwa kuja na kurudi huku.

Sikuombi jengo, wala mashine, wala ziara. Naomba kichupa kitafutwe. Kama kimepotea, niandikiwe kwamba kimepotea, nikatwe kipande kingine, na safari hii kipelekwe siku hiyohiyo na mtu anayejulikana kwa jina. Kitafutwe, Mheshimiwa. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa tena dirishani.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, Ngamiani