Mwanaidi, Jumatatu usiwaulize, waangalie

Shoga yangu Mwanaidi,

Hamjambo huko? Mama anaendeleaje na mguu? Nilitaka nije Mbagala Jumapili, ila kwa mvua hii barabara ya kwenu unaijua. Msalimie sana. Picha za programu ya simu ya kikundi chenu cha kuweka na kukopa nimezipata na nimezipitia zote. Ukurasa wa hisa umetulia, nimeupenda. Kilichonishtua ni sentensi yako ya mwisho, kwamba Jumatatu mnawakusanya wanachama 40 ukumbini, Hamisi aliyeitengeneza awaonyeshe ukutani, kisha wajaze fomu waseme wameionaje.

Nakuomba msifanye hivyo. Watu wetu unawajua. Ukishampa mtu soda na kiti ukamuuliza "unaionaje?", atakujibu "nzuri, haina shida", maana hataki kukuvunja moyo mbele za watu. Mtarudi na fomu 40 za sifa, na mweka hazina bado hajui rejesho linaandikwa wapi.

Chukueni watu 5, mmojammoja, dakika 40 kila mmoja, wale wale wanaoshika daftari na sanduku. Wafanyakazi wa ofisini kwenu wasihesabiwe, wameshaizoea. Hiyo 5 ina hesabu yake. Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba mtumiaji mmoja kwa wastani hufichua 31% ya matatizo, kwa hiyo watano wanakaribia 85%. Lakini hiyo ni kwa matatizo yanayoonekana kirahisi. Tatizo linalompata mtu mmoja katika kumi, watu 5 wana nafasi ya 41% tu ya kulikuta. Ndiyo maana unapima 5, unarekebisha, unapima wengine 5. Na wanachama wa kawaida wanaoangalia salio tu ni kundi jingine, usiwachanganye na makatibu.

Kazi unayompa iwe kisa, na maneno ya kwenye vitufe usiyataje. Ukisema "nenda kwenye Marejesho uingize 50,000", umeshamwonyesha njia. Sema hivi: "Mama Sakina alikopa 200,000. Leo kaleta 50,000 mkononi. Fanya unavyofanya siku zote." Halafu nyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo pagumu, na ndipo ninapomhofia Hamisi. Ameitengeneza kwa mikono yake, akiona mtu anahangaika atainuka aseme "bonyeza pale juu". Akishasema, kipimo kimekufa. Asiwepo chumbani kabisa. Wabaki wawili: wewe unayeongoza, na Neema anayeandika. Mtu akikuuliza "nibonyeze hapa?", mrudishie swali: "wewe unaonaje, kitatokea nini?" Akikaa kimya kama sekunde 20, muulize tu "unatafuta nini sasa?" Kabla ya yote mzoeshe kuongea huku anafanya, kwa jambo analolijua, mfano anunue umeme wa LUKU kwa simu, aishie kabla ya namba ya siri, akitaja kila anachokiona. Anayeongea huchelewa, kwa hiyo msipime muda kwenye kikao hicho hicho.

Sasa, kitufe chako cha mwisho umekiandika "Tuma". Fikiria mtu anayetuma pesa kwa simu kila siku. Juu anaona 50,000, chini anaona Tuma. Kidole gumba kitafika pale na kusimama, kwa kuwa anadhani hela inaondoka. Neema asiandike "amechanganyikiwa". Aandike kilichotokea: kidole juu ya Tuma sekunde 9, akarudi nyuma, akauliza "inaenda kwa nani?" Mngeweza kujaribu "Andika daftarini", lakini usinisadiki mimi, chora kurasa mbili kwenye karatasi za A4, moja kwa kila neno, waonyeshe watu tofauti uwaulize wakibonyeza pale kitatokea nini. Hilo halihitaji hata fundi wa programu.

Na saa ya mkutano! Umeweka 8:00. Wewe unamaanisha saa mbili asubuhi, yeye anasoma saa nane mchana. Muulize atatoka nyumbani saa ngapi, ndipo utajua alivyosoma. Andika "saa 2 asubuhi" yaishe.

Simu iwe yake mwenyewe au ya hali hiyo hiyo, yenye kioo kilichopasuka na maandishi makubwa. Kwenye simu mpya ya ofisi hamtaona neno "Thibitisha" likikatika katikati. Data ziwe za kubuni, na asiingize namba yake halisi ya siri. Simu ya pili isimamishwe juu ya rundo la vitabu irekodi mikono tu, sura hapana, na ruhusa aombwe kwanza. Nauli mpe mwanzoni, asije akadhani inategemea majibu yake.

Kila kazi ikiisha, andikeni moja kati ya nne: kamaliza, kamaliza kwa shida, kashindwa, au kakosea huku anaamini kamaliza. Hii ya mwisho ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Rejesho likiingia kwenye hisa na mweka hazina akafunga simu kwa furaha, ugomvi utakuja mwezi wa kugawana.

Fomu ya Hamisi yenye sentensi 10 naijua, ni ile SUS ya kupima urahisi wa kutumia, ya John Brooke, ya mwaka 1986. Si mbaya, ila ijazwe baada ya kazi. Sentensi za namba witiri ni za sifa, za shufwa ni za lawama. Kwa hiyo anayekubali kila kitu kwa adabu anapata 50 kamili kati ya 100, na anayeweka alama ya katikati kote naye anapata 50. Angalieni karatasi yenyewe, msiishie kwenye jumla. Na wastani wa watu 5 msiupeleke kwa wafadhili, tafadhali.

Narudi kwa Hamisi, maana ndiye anayeninyima usingizi: atakubali kukaa nje? Angeangalia video jioni, ataumia lakini ataelewa. Ukumbi mmeshaulipia, au unaweza kuwafuata watu hukohuko wanakokutania? Mama Sakina mwenyewe, niliyemtaja kwenye kisa, yupo Dar, au bado yuko Kilwa? Neema anaandika haraka kiasi gani? Na mtu wa kujaribia Jumapili, kabla ya wale 5, mmempata? Kama hamna, yule binti wa dukani kwa Mzee Salehe ni katibu wa kikundi chao, ataweza.

Nijibu kabla ya Ijumaa, nikuandalie kazi tano za kuwapa, kwa karatasi.

Wako,
Tatu