Boxer nyekundu kuwa ya bluu

Dar es Salaam

Ndugu yangu Festo,

Salamu nyingi kwako na kwa wote wa hapo Njombe. Barua yako nimeipata. Pikipiki yako, Bajaj Boxer BM 150, ni nyekundu, unaitaka bluu, na fundi wa hapo anataka kuipuliza yote rangi. Mimi nakushauri umkatalie. Nunua makava ya bluu yaliyotoka kiwandani na rangi yake, vua mekundu, vika mapya. Ila anza na tenki. Tenki ni bati, ndilo kubwa kuliko vyote, na macho ya mtu hutua hapo kwanza. Ukipata tenki zima la rangi unayoitaka, vingine vitafuata. Ukilikosa, usinunue hata kava moja.

Kwa nini nakataa kupuliza plastiki? Chukua kava lako la pembeni, ligeuze, utafute herufi ndogo zilizochapwa upande wa ndani. Ukikuta PP, hiyo ni plastiki yenye utelezi kama nta. Rangi haing'ang'anii humo bila kupakwa kwanza dawa maalumu ya kushikisha, na mafundi wengi wa mtaani hawana dawa hiyo. Miezi michache, rangi inaanza kubanduka pale goti linapogusa. Ukikuta ABS, hiyo hupokea rangi vizuri, lakini thina kali ikimwagwa kwa wingi inaichoma, na nyufa nyembamba huja kuonekana baadaye. Kingine cha kuangalia: kwaruza kidogo upande wa ndani. Ndani na nje zikifanana, rangi imechanganywa kwenye plastiki yenyewe, hivyo mkwaruzo mdogo hauonekani sana. Ndani ikiwa nyeusi au kijivu, basi nje ni rangi ya kupakwa.

Chagua rangi ambayo kiwanda chenyewe kinauza. Nyekundu, bluu na nyeusi zipo madukani kila siku, na ukianguka kesho ukavunja kava moja, unapata jingine linalofanana. Ukitaka zambarau au kijani cha ndizi, kila kava litakalovunjika litakurudisha kwa mpulizaji, na hatapata tena rangi ileile.

Vitu vya kununua ni hivi: tenki, makava mawili ya pembeni, kava la mkia, kava la kichwa cha taa, madigadi ya mbele na seti ya stika. Madigadi ya nyuma kwa kawaida ni nyeusi, iache. Nunua vyote siku moja, duka moja, na uvitoe nje kwenye mwanga wa jua uvipange pamoja kabla ya kulipa. Bluu ya tenki la bati na bluu ya plastiki zinaweza kupishana hata kama zimeandikwa jina moja, na taa za dukani huficha tofauti hiyo. Ndiyo sababu pia sikushauri kuchanganya kava jipya na lililokaa juani miaka miwili. Nyekundu hasa hupauka haraka.

Kuna BM 100, BM 125, BM 150 na 150X, na hata BM 150 zenyewe hazifanani kila toleo. Muuzaji atakwambia "zote zinaingia". Usimwamini mpaka uone kwa macho. Beba kava lako la zamani, uliweke mgongo kwa mgongo na jipya: vidole vya kuchomeka, zile ncha za plastiki zinazoingia kwenye raba, viwe sehemu zilezile, matundu ya boliti yaelekeane, na unene usipungue sana. Kopi nyembamba utaijua ukiibonyeza katikati kwa dole gumba, inabonyea. Tena kwenye kopi vidole huwa vinene kidogo kuliko tundu la raba, fundi analazimisha, na kidole kinabaki ndani ya raba. Kipunguze kwa msasa namba 240 kabla ya kuvika, kidogo kidogo, mpaka kiingie kwa kusukumwa na kiganja tu.

Pamoja na hayo chukua raba mpya za kushikia vidole, boliti za M6, zile za spana namba 10, kama kumi na wosha zake pana, mpira wa mafuta wa sentimita 30 na klipu zake mbili, chujio dogo la mafuta la kuunga kwenye mpira huo, na raba ya duara ya koki ya mafuta. Ni vitu vya bei ndogo, na ukivikosa Jumapili jioni kazi yote inalala.

Sasa kuvua. Huko kwenu asubuhi kuna baridi, na plastiki ikiwa baridi hukatika ovyo. Subiri jua litoke, au mwagia maji ya moto kiasi pale vidole vilipo. Anza na siti, kisha makava ya pembeni. Fungua skrubu au kufuli yake kwanza, halafu vuta kidole kimoja kimoja, mkono ukiwa nyuma ya kidole chenyewe, ukivuta moja kwa moja kuja nje. Anayeshika ukingo na kufyatua ndiye anayevunja. Raba ikiwa ngumu, ipake maji ya sabuni. Petroli na oili usitumie, huivimbisha.

Makava yakitoka, toa waya hasi wa betri. Hapo ndipo uguse tenki. Funga koki, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, mimina mafuta yote kwenye dumu, mbali na jiko na sigara. Kama dashibodi yako ina geji ya mafuta, chomoa soketi ya waya wake chini ya tenki. Watu hunyanyua tenki wakiwa wameisahau na kukata waya. Fungua boliti ya nyuma ya tenki, linyanyue tenki nyuma kidogo, kisha ulivute lije upande wa siti. Mbele halina boliti, limekaa juu ya raba mbili tu. Likigoma, litikise kushoto na kulia, usiingize bisibisi.

Mkia hautoki mpaka uondoe kerieri na vyuma vya kushikia abiria. Kichwa cha taa kiache mwisho, na kabla ya kuchomoa soketi yoyote pale, piga picha kwa simu na uweke alama kwa gundi ya karatasi. Waya za indiketa za kushoto na kulia zinaweza kuingiliana soketi, ukashangaa unakata kushoto na taa inawaka kulia.

Hapa sasa nataka usome taratibu. Katika matundu mengi ya boliti kwenye makava na kwenye sikio la tenki kuna raba, na ndani ya raba kuna kibomba kifupi cha chuma. Kibomba hicho ndicho kinachobanwa na boliti. Plastiki yenyewe haibanwi, inaelea kwenye raba, kwa sababu injini ya silinda moja hutetemesha kila kitu na barabara zenu za vumbi zinaongezea. Makava mapya huuzwa bila raba wala vibomba. Fundi mwenye haraka anatupa la zamani na vibomba vyake, anafunga boliti moja kwa moja kwenye plastiki mpya, anakaza mpaka inalia. Baada ya wiki chache unaona ufa umeanzia kwenye tundu. Watu wanalaumu kava kwamba ni feki, kumbe hata la orijino lingepasuka. Kwa hiyo kabla hujatupa chochote, sukuma kila kibomba kitoke, kihamishie kwenye kava jipya na raba mpya. Boliti za M6 zikaze kwa mkono mpaka zigote kwenye chuma, kisha robo mzunguko basi. Na ile gundi ya kuzuia nati zisilegee usiipake karibu na ABS. Inaila na kuipasua.

Tenki jipya usilivike kama lilivyotoka kwenye boksi. Ndani huwa na mafuta ya kuzuia kutu na mara nyingi vichembe vya kuchomelea. Weka nusu lita ya petroli, tikisa, mwaga, rudia mpaka itoke safi. Kisha fungia koki mahali pake na raba yake mpya, paka chaki kavu kwenye mshono wote wa chini na kuzunguka koki, weka lita mbili, liache limelala saa nzima upande mmoja na saa nyingine upande wa pili. Chaki ikilowa na kugeuka rangi, tenki linavuja, lirudishe dukani. Usikubali kuzibiwa kwa gundi. Tenki la kuvuja liko juu ya injini ya moto, hapo hakuna mjadala.

Boya la geji lihamishe bila kupinda kijiti chake, na uelekezo wake uwe uleule. Likikaa kinyume linagusa ukuta wa tenki na mshale unaganda mahali pamoja siku zote. Mfuniko, kama mdomo wa tenki unalingana, hamisha wa zamani ili uendelee na ufunguo mmoja. Ukitumia mpya, puliza kwa mdomo kitundu chake cha hewa. Kikiwa kimeziba na rangi, pikipiki itatembea vizuri kidogo kisha itazima kama imeishiwa mafuta. Ukifungua mfuniko utasikia hewa ikivutwa, na itawaka tena. Mafundi wengi hapo hukimbilia kabureta bure.

Ukikosa tenki la bluu kabisa, basi hilo la zamani ndilo pekee ninaloruhusu lipulizwe, maana bati hushika rangi: msasa wa maji 400, praima, msasa 600, rangi, kisha klia (rangi angavu ya juu) ya kuchanganywa na hadina, ile dawa ya kuikaza. Rangi ya kopo la kupuliza la kawaida petroli itaiyeyusha kando ya mfuniko siku ya kwanza utakapojaza. Ile ya hadina moshi wake ni sumu, barakoa ya kitambaa haisaidii, hivyo apewe mwenye vifaa kamili, na tenki likae wiki moja kabla ya kuguswa na mafuta. Halafu mpelekee mpulizaji kava la bluu mkononi alinganishe. Jina la rangi pekee halitoshi.

Kurudisha ni kinyume cha kuvua, ila kabla ya kufunga siti fanya jambo moja. Washa pikipiki, iache ingurume bila kuvuta akseleta, zungusha hendeli mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Mlio ukipanda, waya wa akseleta umebanwa na tenki au na kichwa cha taa. Usiendeshe. Tazama pia waya wa spidi na wa breki ya mbele kama imepita kwenye vishikizo vyake baada ya kubadilisha madigadi. Ikiachwa huru italala kwenye tairi na kulika. Madigadi nayo: zungusha gurudumu, lisiguse popote.

Stika zipake mwisho, siku kavu. Maji lita moja na matone machache ya sabuni ya maji, nyunyiza, weka stika, isogeze mpaka ikae, kisha sukuma maji yatoke kwa kadi ya zamani ya simu, kutoka katikati kwenda kingo. Ile ya karibu na mdomo wa tenki ndiyo itakayotangulia kubanduka, kwa sababu ya petroli inayomwagika. Mimi ningeiacha kabisa.

Kuhusu karatasi: rangi imeandikwa kwenye kadi ya usajili. Trafiki akisoma nyekundu na kuona bluu ana haki ya kukushuku, hata kama namba ya fremu na ya injini ni zilezile. Pitia ofisi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, na kadi yako uulizie mabadiliko ya rangi kabla hujanunua. Kama pikipiki bado iko kwenye mkopo, mwenye mkopo ajue kwanza. Na tenki la mtumba lisilo na risiti usilishike, hata likiwa zuri namna gani. Matenki ya pikipiki zilizoibwa huishia sokoni hivyo hivyo.

Ukiamua niyatafute huku Kariakoo nikutumie kwa basi, nitafunga kila kava peke yake kwa sponji, na tenki nitalituma kavu bila tone la petroli. Ila siwezi kununua kwa kubahatisha. Nitumie picha ya mkia ukiwa umesimama nyuma, picha ya kava la kulia upande wa ndani likionyesha vidole, picha ya dashibodi, na namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Ina herufi na tarakimu 17, na ya Bajaj inaanza na MD2. Usafishe udongo kwanza ndipo upige, maana 8 na B huchanganya.

Wako,
Idrisa