Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: Mahindi Yetu Nayo Yanataka Mizani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Mimi ni mkulima wilayani Masasi. Nina ekari tatu: nusu ni mikorosho, nusu ni mahindi, mtama na mbaazi. Nakuandikia habari ya gunia moja.

Mwaka jana nilivuna magunia saba ya mahindi. Mwishoni mwa Agosti nilipolisogeza gunia la chini, lilinyanyuka kama limejaa pumba. Sakafuni palikuwa na unga mweupe kama umetoka mashineni. Nikachota kiganja: kila punje ina tundu, ukiiminya inakuwa vumbi. Dumuzi. Mdudu huyu alianza kuonekana nchini kule Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hachagui. Anakula mahindi, anakula na makopa ya muhogo. Dawa ya unga nilikuwa nimechanganya. Niliinunua kwenye duka moja la pembejeo, na nilikuja kusoma paketi baadaye nikakuta muda wake ulishapita.

Bibi yangu alikuwa akiyaning'iniza mahindi na maganda yake juu ya mafiga, moshi ukayafukiza mpaka msimu mwingine. Sisi leo tunalala na magunia chumbani chini ya bati, na moshi hauko.

Kwa kumwogopa dumuzi, majirani zangu wengi huuza Juni, mahindi yakiwa bado na joto la jua. Mnunuzi anakuja na debe lake mwenyewe, limegongwa kitako mpaka limetuna, na analijaza kwa kilele. Ukiuliza mizani, anapakia baiskeli yake anakwenda nyumba ya pili. Januari ikifika, ndani hamna kitu. Debe lilelile tunalinunua kwa bei karibu mara mbili, na asiye na fedha anaacha shamba lake na kwenda kupalilia la mwenye chakula, jioni arudi na kisado cha unga.

Hapo, Mheshimiwa, ndipo mavuno ya mwaka unaofuata yanapopotea. Tunaambiwa kila siku kwamba mkulima mdogo anavuna kidogo kwa sababu ya mbegu na mbolea. Sikatai. Viwavijeshi vamizi nao, tangu walipoingia nchini mwaka 2017, wametutia hasara, na usiku kucha tunakesha shambani kuwafukuza nguruwe pori. Lakini hindi lililosongwa na majani wiki tatu, mwenyewe akiwa kibaruani, halitaokolewa na mbegu bora. Njaa ya Januari inakula nguvu za mikono, na sisi kilimo chetu ni mikono.

Angalia korosho. Tangu msimu wa 2007/08 tunaiuza kwa stakabadhi ghalani: inapimwa kwa kilo, mkulima anapewa stakabadhi, korosho inawekwa ghalani na kwenda mnadani. Salfa, dawa ya mikorosho, inatufikia kupitia chama cha msingi cha ushirika. Mkulima ni yuleyule, kijiji ni kilekile, ila mahindi anayolisha watoto wake hayana ghala wala mizani.

Ninaloomba si kubwa. Ipo mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa: ukiifunga sawasawa, wadudu waliomo ndani wanakosa hewa na kufa, bila dawa. Huku kijijini hatuioni. Iletwe kupitia vyama vya msingi, na mkulima anayetaka aichukue kwa mkopo, akatwe kwenye malipo ya korosho kwa ridhaa yake. Afisa ugani aje nayo, atuonyeshe na kupima ukavu, maana mahindi mabichi yakifungiwa humo yataota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, inaua watu. Kipimo chenyewe ni rahisi: chupa kavu, chumvi kavu, punje za mahindi, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Na mizani. Ile inayopimia korosho iwe wazi kwa mahindi pia mwezi Juni, na mnunuzi wa debe azuiwe kupita nyumba kwa nyumba.

Tunaanza kuvuna Mei. Mifuko ikifika Agosti, dumuzi atakuwa ameshaingia.

Wako mtiifu,
Mkulima, Masasi